Barabara ya kwetu inawekwa kabro: tuombe pakingi ama njia ya miguu?

mtu_wa_umoja – Jumatano, 9:12 usiku

Wasee wa Nairobi naombeni maoni kabla Jumamosi ifike. Nakaa Umoja, na barabara ya ndani ya kwetu, ile inatoka kwa steji mpaka shule ya msingi, imekuwa vumbi Januari na matope Aprili tangu nihamie hapa. Sasa wiki iliyopita wakaja vijana na tepu ya kupima na rangi ya kupuliza, wakaweka alama kwa kuta za watu, tukaambiwa inawekwa kabro, yale mawe ya zege ya kutandika, na kuna mkutano wa wananchi Jumamosi saa nne asubuhi. Nikafurahi sana, nikasema hatimaye viatu vyangu vitapumzika.

Shida ni mtaa umegawanyika. Wenye ploti na wenye magari wanataka pakingi pande zote mbili, wanasema ndio nyumba zitapanda bei. Sisi wengine tunataka njia ya miguu. Kwa ploti yetu tuko nyumba 24 na magari ni 3, lakini hao wa magari 3 ndio wanajua kuongea kwa mkutano, sisi wengine tunanong'ona tu huku nyuma.

Kila asubuhi nampeleka kijana wangu wa gredi ya pili. Mkono mmoja namshika yeye, mwingine nimebeba begi lake, nyuma nduthi (pikipiki ya abiria) inapiga honi, mbele gari ya probox imesimama na mlango wazi mwenyewe ameingia dukani kununua maziwa, kwa hivyo inabidi tuingie katikati ya barabara tumzunguke. Hiyo ni kila siku. Halafu nikirudi steji, mvua ikinyesha nauli ya 50 imekuwa 100, nasimama nikifikiria kwamba Umoja mpaka Inda (Industrial Area) hata si mbali, ningekuwa na njia ya maana ningeenda na baiskeli na hiyo pesa ninunue unga.

Swali langu: niseme nini Jumamosi ili nisionekane nachukia watu wa magari? Na kuna mahali hapa Nairobi njia ya miguu iliwekwa na ikabaki njia ya miguu kweli? Juu nyingi naona zimegeuka kitu kingine.

---

pedali_mbili – Jumatano, 9:40 usiku

Mimi huendesha baiskeli Outer Ring kila siku nikienda kazi, mwaka wa nne sasa, kwa hivyo wacha nikuchoree. Ile barabara ni kilomita 13, wakaipanua, wakaweka njia ya baiskeli na ya miguu pembeni, kwa karatasi ni poa sana. Sasa njoo nikupeleke saa kumi na mbili jioni. Unaanza vizuri, mita mia moja hivi, halafu kuna mtu wa smokie na mayai, sawa unamzunguka, halafu kuna nduthi kumi zimepangwa zikingoja abiria, halafu mtu anauza viatu ametandaza gunia, halafu kifuniko cha mtaro hakipo kimeibiwa kikaenda skrepa na mtu mwenye roho safi ameweka tairi na tawi la mti ili usitumbukie, halafu nguzo ya stima katikati kabisa ya njia. Katikati! Mtu aliitandika kabro akaizungushia nguzo vizuri kama anapamba keki.

Kuna moja nzuri lakini, barabara ya Luthuli huko katikati ya jiji. Kama uliijua zamani unakumbuka ilikuwa matatu zimefungana na redio za maduka zinapigana kelele, kutoka mwisho huu mpaka ule ni kubanwa tu. 2019 wakaifanya ya upande mmoja, wakapanua kando, wakaweka miti na vile vinguzo vya kuzuia gari kupanda. Wenye maduka walilia kwanza. Leo pita hapo Jumamosi uone watu. Na Wabera Street na Kenyatta Avenue pia unatembea kama mtu.

Kitu cha kubeba kwa mkutano: 2015 kaunti ilizindua sera ya watu wa miguu na baiskeli, na ndani iliahidi asilimia 20 ya pesa za barabara iende kwa hao. Uliza tu kwa upole, hii asilimia 20 kwa hii barabara yetu iko wapi? Na uwaambie hii Nairobi zaidi ya safari 4 kati ya 10 ni za miguu. Wewe hauchukii mtu, wewe uko kwa kundi kubwa.

---

gari_si_dhambi – Jumatano, 10:05 usiku

Sawa nyinyi watakatifu wa baiskeli, wacha mwenye dhambi naye aongee. Niko na gari, niliinunua na jasho, namfungulia mlango mama yangu wa miaka 78 ambaye hawezi kupanda matatu, kiti kiko juu na konda anasema beba beba. Nikimpeleka kliniki nikirudi niegeshe wapi? Mwaka jana niliacha kando ya mtaa usiku mmoja tu, asubuhi vioo vya pembeni hakuna, nikaenda kujinunulia vioo vyangu mwenyewe kwa kijana ambaye hata hakuona haya, ananiambia "hizi mkubwa zitaingia kwa gari yako sawasawa."

Mtu akiniambia pakingi ni anasa namwangalia tu.

---

hapana_tambua – Jumatano, 10:09 usiku

Mnabishana bure, hiyo ni kabro ya kura ya 2027. Itafika nusu halafu kura iishe.

---

mathe_wa_kona – Alhamisi, 5:20 asubuhi

Mwanangu mtu wa Umoja, nimesoma nikiwa kwa gari natoka Marikiti na mboga zangu, nikasema leo niandike juu mnaongea kuhusu sisi kama sisi ni takataka za barabarani. Mimi niko na meza kwa kona ya mtaa miaka 11, si Umoja lakini ni hapa hapa Eastlands. Kabro ikikuja sisi ndio tunaondolewa wa kwanza, wanasema tumeziba njia, halafu baada ya mwezi mahali nilikuwa nimekaa na sukuma yangu kuna gari imeegeshwa kutoka Jumatatu mpaka Ijumaa, na hakuna mtu anasema gari imeziba njia.

Sikiza vile sisi tulifanya. Kwetu walipokuja kupima tulienda wanawake sita na leso zetu tukawaambia, sisi hatutaki njia yote, tuchoreeni mstari, upande mmoja tu, pale kona mahali pamepanuka, meza isizidi hatua mbili, na tutafagia. Wakachora. Mpaka leo mtu akivuka huo mstari ni sisi wenyewe tunamrudisha, ata mimi mwenyewe nimewahi kurudishwa juu ya gunia la viazi. Na usiku ule mwanga wa koroboi na stima za meza zetu ndio wasichana wanapitia wakitoka kazini, sisi tukifunga saa nne mtaa unakuwa giza na kila mtu anakimbia.

Kwa hivyo Jumamosi usiende kupigana na mama mboga. Mtafute kwanza, kaa naye, muende pamoja. Akisimama kuongea watu watanyamaza, mimi nakwambia.

---

konda_mstaafu – Alhamisi, 11:31 asubuhi

Mathe hapo juu ameongea. Mimi nilikuwa konda miaka 9, wacha niongeze ya steji juu naona mmeisahau.

Umesema barabara inaanza kwa steji. Kama hakuna mahali pa gari kusimama, hiyo njia yako ya miguu ndio itakuwa steji, nakuambia kama mtu ambaye amepandisha tairi kwa njia ya miguu mara elfu. Konda hapandi huko kwa sababu ni mjeuri. Pesa ya mwenye gari haijafika, mafuta, ya njiani, halafu dere na wewe mgawane kile kimebaki, na mnapata tripu sita badala ya kumi juu ya jam. Abiria amesimama wapi? Kwa njia ya miguu. Basi gari inamfuata. Hata hiyo nauli ya mvua unalia nayo, mvua ikinyesha Jogoo Road inafungana unapiga tripu tatu, hiyo pesa lazima itoke kwa mtu, na huyo mtu ni wewe boss, pole.

Mnakumbuka tarehe 3 Desemba 2018? Jumatatu, matatu zikapigwa marufuku kuingia tao, katikati ya jiji. Nilikuwa kwa gari. Tuliwashukisha watu Muthurwa na kwingine huko nje wakaanza kutembea, wazee, watu na watoto mgongoni, mwingine na godoro, na hakukuwa na basi ingine ya kuwachukua hapo wapelekwe ndani. Amri ikaondolewa haraka haraka. Mimi sikatai tao ipunguzwe matatu, lakini huwezi toa kikombe kwa mkono wa mtu kabla umpe kingine. Dar walijenga kwanza, njia yake peke yake, vituo vyake, mabasi ya mwendokasi yakaanza 2016, na inajaa mpaka watu wanalia, lakini inapita jam ikiwa imesimama. Sisi 2018 tulipaka mstari mwekundu wa njia ya mabasi Thika Road. Mstari! Nilikuwa napita juu yake kila siku.

Kwa hivyo omba wakukatie nafasi ya matatu mbili kusimama nje ya njia ya miguu pale mwanzo, na kibanda cha mvua. Abiria akisimama pazuri gari itamfuata huko.

---

fundi_wa_kabro – Alhamisi, 8:48 usiku

Natandika kabro, hiyo ndio kazi yangu, kwa hivyo sitaongea siasa nitaongea vipimo. Barabara yenu ukuta kwa ukuta ni mita ngapi?

---

mtu_wa_umoja – Alhamisi, 8:55 usiku

Nimepima na tepu ya jirani sahi tu na tochi ya simu, mbwa wa ploti ya mwisho wakanibwekea. Mita 9 kasoro kidogo.

---

fundi_wa_kabro – Alhamisi, 9:30 usiku

Sawa. Gari ikiegeshwa inakula kama mita 2.2 kwa upana, na uache kidogo ya kufungua mlango. Pande mbili ni karibu mita 4.5. Zimebaki 4.5 za magari kupishana, lori la takataka likiingia hakuna kupishana. Watu wa miguu wamebaki na sifuri. Si kidogo, ni sifuri, wanatembea mahali gari inapita. Hiyo ndio hesabu ya wenye ploti wenu wakiongea, pengine hata hawajaipiga.

Sasa piga hivi. Mita 5 za gari, kwa mtaa zinatosha magari mawili kupishana polepole, na polepole ndio tunataka, huko kuna shule, 30 kwa saa ndio mwendo wa mahali watoto wanatembea. Zimebaki 4. Mbili huku mbili huku za watu. Mama na mtoto mgongoni na mwingine mkononi anapishana na mtu wa kiti cha magurudumu bila mtu kushuka. Mkitaka pakingi kidogo mnyime upande mmoja, lakini muachane na pakingi ya pande zote, hiyo haiingii hata ukivuta kuta.

Mambo ambayo watawaficha ama watasahau: kabro ya mahali watu wanatembea ni ya milimita 60, ya mahali gari inapita ni 80. Wakiwawekea 60 kote, miezi sita mtaona imezama kama godoro la zamani, na mtasema kabro ni mbaya kumbe ilikuwa ya miguu mkaipitisha lori la mchanga. Pili, mtaro KWANZA. Uliza mtaro unaenda kumwaga wapi, na usikubali jibu la mkono ukielekeza huko. Kabro bila mtaro, maji yanaingia chini, mchanga unatoka, mawe yanacheza. Mtaro upite chini ya njia ya miguu na ufunikwe na slabu za zege, si chuma, chuma itakaa wiki mbili. Tatu, kabstoni, yaani mawe ya ukingo wa pembeni, ziwe zimeshikiliwa na zege, hizo ndizo zinashika kabro zote zisitawanyike. Nne, kila mahali njia ya miguu inafika kwa geti ishuke taratibu, si ngazi. Mwinuko wa 1 kwa 12, yaani ukipanda sentimita 10 uende mbele mita 1.2. Wengi wanaweka ngazi halafu mtu wa kiti cha magurudumu anarudi barabarani na tumetumia mamilioni.

Halafu uombe kuona mchoro. Wakisema uko ofisini waambie waulete.

---

dando_damu – Ijumaa, 7:02 asubuhi

Mimi wa Dandora. Kila mtu akisikia Dando anafikiria dampo, sawa, ukweli ni ukweli, lakini njooni siku moja muone makoti zetu, yaani vile viwanja vya katikati ya nyumba. Mtaa ulijengwa miaka ya 70 mwisho, ule mpango wa Benki ya Dunia, unapewa ploti yenye maji na choo unajijengea, na nyumba zimezunguka uwanja mdogo katikati. Hizo viwanja baadaye zikawa takataka na maji machafu. Vijana wakaanza koti moja moja kuzisafisha, wakapaka rangi, wakapanda miti na nyasi, wakaweka geti, ikawa hadi mashindano, koti gani imebadilika zaidi. Hawakungoja tenda.

Nimekuja kumjibu gari_si_dhambi juu ameuliza kitu cha maana na hakuna mtu amemjibu. Kwetu pakingi tuliipangia mahali pamoja, karibu na geti, inalindwa, na kila gari inatoa kitu kidogo cha mwezi, na hiyo pesa ndio inamlipa kijana wa kufagia na kununua taa zikiungua. Vioo haviibiwi juu kijana yuko hapo. Na wazee wanaposhushwa wanashushwa mlangoni, gari inarudi kwa geti. Watoto wanacheza katikati. Mwenye gari ameshinda na mtoto ameshinda, lakini ilichukua mikutano kama nane na watu kutukanana sana, sitadanganya.

---

gari_si_dhambi – Ijumaa, 7:44 asubuhi

@dando_damu hiyo sasa naielewa. Wakinilindia vioo hata hiyo ya mwezi natoa.

---

msomaji_tu – Ijumaa, 1:15 mchana

Mkiomba kabro ombeni na mti. Hapo mnaongea mita na mita, nani alishawahi kutembea Mombasa Road saa nane mchana tangu miti ikatwe wakijenga ile barabara ya juu, Expressway? Kilomita 27 za kulipia, huko juu nduthi hairuhusiwi wala baiskeli wala miguu, sisi tuko chini tunachomeka. Uhuru Park ingekuwa ghorofa 60 sahi kama Wangari Maathai angenyamaza 1989 walipotaka kujenga hapo. Mti mmoja kila ploti, hiyo tu.

---

fundi_wa_kabro – Ijumaa, 1:40 mchana

Mti ni sawa lakini si wa mizizi mikubwa karibu na kabstoni, utainua kazi yangu yote. Na uachiwe shimo la mita 1 kwa 1, nimeona watu wanaziba shina na simiti mpaka shingoni.

---

mtu_wa_umoja – Jumapili, 4:26 jioni

Wasee nimerudi, asanteni sana kila mmoja, na pole ni ndefu.

Ijumaa jioni nilienda kwa mama mboga wa kona yetu kama mathe alivyosema. Kwanza alinitazama akafikiri nimekuja kukopa. Nikamweleza, akanyamaza akimenya kitunguu, halafu akasema "hiyo mita mbili ni ngapi, nionyeshe na miguu." Ndio tukapata wazo. Jumamosi saa mbili asubuhi kabla ya watu kufika tukachukua majivu ya jiko lake, ndoo mbili, tukachora mistari barabarani ile ya fundi, mita 5 katikati na mbili mbili pembeni, na kama hatua hamsini mbele tukachora ile ingine ya pakingi pande zote. Jirani wa gari akakubali kuegesha yake kwa mstari wa pakingi, na mwingine yake ngʼambo, wakaangaliana.

Mkutano ukaanza, mwenye ploti mmoja akasimama kusema mambo ya bei ya nyumba. Mama mboga akamkatiza, si kwa ubaya, akasema "mzee wangu hebu tutembee kidogo kwanza." Watu karibu hamsini wakainuka. Kwa mstari wa kwanza wakapita wakiongea. Kwa ule wa magari wakabanana, na hapo hapo nduthi ikaingia, sijui Mungu aliipanga, ikapiga honi, mzee mwenyewe akaruka akashika kioo cha gari ya jirani. Kioo kikapinda. Jirani akasema "mzee si ni hicho kioo tunalinda?" Watu wakacheka mpaka mhandisi akacheka.

Mchoro uliletwa. Ulikuwa na mita 6.5 za gari na mtaro wazi upande mmoja, njia ya miguu hakuna. Nikauliza ya asilimia 20, mhandisi akaniangalia kidogo kisha akaandika kwa daftari lake. Tulichopata, kimeandikwa kwa kumbukumbu za mkutano na nimepiga picha ya kila ukurasa: njia ya miguu mita 2 upande wa shule, upande wa pili mita 1 na nusu, pakingi ya magari manane pale pamepanuka karibu na tangi la maji, meza za akina mama kona na mstari, kabro ya 80 mahali pa gari, slabu za zege. Miti mitano, tulitaka kumi na tano. Steji wamesema si yao ni ya wengine, konda pole, hiyo tumeshindwa kwa sasa. Taa pia wamesema awamu ya pili, na nani anajua awamu ya pili ni lini.

Sasa leo nimetoka kanisani nimepata lori limemwaga mchanga juu ya mistari yetu ya majivu, mlima mzima, kijana wangu ameshapanda juu na viatu vya Jumapili. @fundi_wa_kabro huu ni wa kazi yetu ama kuna mtu anajenga?

---

fundi_wa_kabro – Jumapili, 4:39 jioni

Tuma picha. Na mtoe mtoto juu, mchanga wa kutandika hautakiwi kuwa na viatu vya kanisa.

---

fundi_wa_kabro – Jumapili, 4:51 jioni

Nimeona. Hiyo ina kokoto imechanganywa, ni ya kumwaga zege, kuna mtu anaongeza ghorofa hapo kwenu. Tafuta mwenyewe leo kabla wamwage na ya pili.